Ulimi wa Askofu Fulgenzio

Eufemia Lacava alikuwa amefikia umri wa kuolewa, na kijana wa kumwoa alikuwepo, wakati baba yake alipouza shamba la mizeituni. Shamba lenyewe halikuwa kubwa, na miti yake ilikuwa imepinda kwa upepo wa mlimani, lakini ndilo lililokuwa fungu la Eufemia la kuolewa nalo. Pale Grottavena binti hakwenda kwa mume mikono mitupu.

"Mkuu wa watawa anasema mdogo wako Fulgenzio ana kichwa," baba alimwambia. Alikuwa mbeba chumvi, mtu wa kutembea na nyumbu wake mwaka mzima, na hakuwa na mazoea ya kueleza mambo. "Lazima akasome Napoli. Huko hawasomeshi bure."

"Na mimi je, baba?"

"Wewe una mikono."

Basi yakaishia hapo. Yule kijana akaoa kwingine kabla ya Kwaresima. Eufemia hakumlaumu mdogo wake. Mama yao alipofariki Fulgenzio alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na yeye ndiye aliyemlisha, aliyemwogesha, aliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba. Alipoondoka, alikuwa mtoto mwembamba mwenye masikio makubwa, na Eufemia alimfungia mkate na vitunguu kwenye kitambaa, akasimama njiani mpaka nyumbu wakapotea kwenye kona.

Miaka ikaenda. Habari zilikuja kwa midomo ya wapita njia. Fulgenzio amepata upadri. Fulgenzio anafundisha sheria za Kanisa. Fulgenzio yuko Roma, kwa kardinali mmoja mzee, na hotuba zote za kardinali yule, zile zinazowaliza mabibi wakubwa, anaziandika yeye. Kisha akaanza kuhubiri mwenyewe, na watu wakasema sauti yake ilikuwa nzito na tamu, ikifika mlangoni bila yeye kupaza. Yule kardinali, alipoona kifo kinakaribia, akamwombea uaskofu. Akapewa Montelupara, kiti ambacho wakubwa wenzake walikuwa wamekikwepa kwa visingizio mbalimbali: mji juu ya mgongo wa udongo mfinyanzi, barabara yake ikisombwa kila masika, kanisa kuu likivuja.

Alipotawazwa tu, akamtumia dada yake nyumbu na mtu wa kumsindikiza. Eufemia alikuwa na mvi tayari. Alikuta jumba la askofu lina kuku kwenye ukumbi wa chini na buibui kwenye dari, na mdogo wake, mwenye pete kidoleni na masikio yaleyale, akishuka ngazi mbio kumpokea.

"Dada! Umekonda."

"Na wewe umenenepa, Baba Askofu."

"Usiniite hivyo humu ndani."

"Nikuiteje? Mbele ya watumishi nikuite Genzio?"

Alicheka mpaka akakohoa. Eufemia alikumbuka kicheko hicho sana baadaye.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kazi. Fulgenzio alizunguka parokia zote, nyingine juu ya punda, nyingine kwa miguu. Alikuta mapadri wasioyajua maneno ya maondoleo ya dhambi, mapadri wenye wake na watoto, na mmoja aliyefuga mbwa wa kuwinda ndani ya sakristia. Alikaa nao, akawafundisha, akawakemea. Lakini kilichomwuma zaidi kilikuwa mbegu. Ardhi yote kutoka mtoni hadi msituni ilikuwa ya Baroni, bwana mkubwa wa nchi ile, na msimu wa kupanda ukifika wakulima walikwenda kwake kukopa ngano, halafu wakati wa mavuno akachukua maradufu. Basi askofu akajenga ghala la mbegu nyuma ya kanisa la Mtakatifu Vito. Mkulima alichukua anachohitaji, akirudisha kilekile na kikombe kimoja juu kwa ajili ya panya. Funguo alizitundika mwenyewe kwenye msumari kando ya kitanda chake.

Baroni alikuja kulalamika. Eufemia alikuwa chumba cha pili akikunja mashuka, akasikia yote. Baroni alianza kwa makelele. Kisha mdogo wake akaanza kusema, polepole, kwa ile sauti yake, na Baroni akanyamaza kama mtoto anayesomewa makosa. Alipoondoka, Eufemia akatoka.

"Usimchokoze mtu mwenye watu wa marungu, mdogo wangu. Wewe una nini?"

"Nina ulimi, dada."

Na ni kweli alikuwa nao, mpaka sikukuu ya Msalaba, mwezi Septemba. Kanisa lilikuwa limejaa hadi ngazi za nje. Alikuwa juu ya mimbari akieleza habari za yule Simoni aliyelazimishwa kubeba msalaba usio wake, na alipofika katikati ya sentensi akasimama. Watu walidhani ni mbinu yake ya kuhubiri. Wakangoja. Kisha Eufemia, aliyekuwa amepiga magoti upande wa wanawake, aliona upande mmoja wa mdomo wake ukishuka, kama mtu anayetaka kulia. Mkono wake wa kulia ukateleza kutoka kwenye ukingo wa mimbari. Wakapanda kumshika kabla hajaanguka.

Daktari alimtoa damu, akampaka haradali kwenye nyayo, akamtoa damu tena. Hakufa. Kila kitu alikielewa. Hilo Eufemia aliliona machoni mwake tangu siku ya kwanza. Lakini mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno yote yaliyokuwa kichwani mwake, Kilatini na ya kwao, yalimpotea. Lilibaki moja.

"Kesho," alisema alipofumbua macho.

"Kesho nini, Genzio?"

"Kesho." Akatikisa kichwa kwa hasira. Siyo hilo alilotaka kusema. Akajaribu tena, jasho likimtiririka. "Kesho. Kesho, kesho!"

Alipotaka maji alisema kesho. Alipoumwa alisema kesho. Alipojaribu Baba Yetu ilikuwa kesho tupu, kwa mdundo wa sala yenyewe, mpaka mwisho, halafu akageukia ukutani. Eufemia alizoea upesi. Kesho ya njaa ilikuwa na mkia, ya hasira ilikatika ghafla, na ya asante ilikuwa ndogo sana, karibu pumzi tu. Lakini nani angemwuliza Eufemia? Hakujua hata kusoma.

Mambo ya jimbo yalishikwa na makamu wa askofu, Padri Prospero Maiorano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba maaskofu huja na kuondoka na Baroni hubaki. Mwezi Oktoba, mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, aliingia chumbani akiwa amekumbatia kofia yake.

"Mhashamu," alisema, "tumezungumza na Baroni. Yuko tayari kuezeka kanisa kuu upya, lote. Anachoomba tu ni kwamba ghala la mbegu lisimamiwe na mnyapara wake, kwa usalama. Wewe ni mgonjwa, sisi hatuna watu. Unaridhia?"

Mishipa ya paji la uso la askofu ilivimba. Alijiinua kwa kiwiko kimoja.

"Kesho!" alinguruma.

Padri Prospero aliinama. "Basi vyema, Mhashamu. Kesho."

Eufemia alifikiri amemdhihaki. La hasha. Asubuhi iliyofuata alirudi na mapadri wawili wa kanisa kuu kama mashahidi.

"Mhashamu alitupa ahadi ya leo," aliwaambia. "Mhashamu, ni leo sasa. Unaridhia?"

"Kesho! Kesho! Kesho!" Mate yalimtoka. Mkono wake mzima ulipiga godoro.

"Anakataa!" Eufemia alisema. "Padri, hamwoni? Anakataa!"

"Mama Eufemia, tafadhali."

"Tafadhali nini? Nimemlea huyu. Najua akikataa anakuwaje, alikuwa hivihivi akikataa kuoga!"

Mmoja wa mashahidi alicheka, akajizuia. Padri Prospero hakucheka. Alizichukua funguo kwenye msumari. Eufemia alimshika mkono wa joho, na kwa muda wakasimama hivyo, wazee wawili, wakivutana kama watoto.

"Niache," alisema yule padri kwa sauti ya chini, ambayo wenzake hawakuisikia. "Yeye akifa, wewe utaondoka. Mimi nitakaa hapa na yule mtu mpaka nizikwe. Niache, dada yangu."

Akamwachia. Hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini vidole vyake vilifunguka.

Wakulima walipokuta mlango wa ghala una kufuli jipya, walikuja jumbani. Mbele alikuwa Vituccio, mtu mrefu mwenye meno machache, na mkewe Menica, mfuaji wa nguo za jumba la askofu, mwanamke ambaye mdomo wake uliogopwa na mji mzima. Eufemia aliwapandisha. Walipiga magoti kuzunguka kitanda, wakinuka matope na jasho, na Vituccio akavua kofia.

"Baba Askofu, ardhi imelainika. Tusipopanda kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino hatuna mwaka. Mnyapara anasema mbegu zipo ila kwa masharti ya zamani, ya Baroni. Tunaomba tu neno lako. Tupate mbegu zetu lini?"

Eufemia alitaka kumziba Vituccio mdomo. Macho ya mdogo wake yalijaa machozi. Alifungua mdomo, akafunga. Akajaribu kushindana na lile neno, uso mzima ukapinda, lakini halikuwepo jingine la kutoka.

"Kesho," alisema.

"Kesho!" Vituccio aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Kesho!" Wakambusu mkono, wakashuka ngazi wakipigana mabega kwa furaha, kabla Eufemia hajajua aanzie wapi.

Walirudi kesho yake wakiwa na magunia matupu. Eufemia ndiye aliyeshuka kuwaambia mlangoni. Aliwaeleza kwamba ni ugonjwa, kwamba ndilo neno pekee alilobaki nalo, kwamba hata akitaka chombo cha kukojolea husema hivyohivyo. Menica ndiye aliyejibu.

"Kwa hiyo tumpigie magoti kasuku."

"Menica!" mumewe alimkaripia.

"Nimesema uongo? Miaka yote hiyo anatuhubiria mpaka tunalia, leo tunahitaji neno moja tu, neno moja la maana, Mungu anamwachia hilo. Haya, tukunje magunia."

Eufemia alipanda ngazi akamkuta Fulgenzio ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amesikia, kwani dirisha lilikuwa wazi. Alimwonyesha viatu vyake.

Kumwuliza kusingesaidia kitu. Alimvalisha joho la zambarau, akamtia msalaba shingoni, akampa fimbo ya kichungaji ashike kwa mkono wa kushoto, naye akaingia chini ya kwapa la kulia. Walishuka ngazi kwa makalio, ngazi moja moja. Njiani watu walitoka milangoni. Wengine walipiga magoti, wengine walifuata. Mguu wake uliburuta matope, jasho lilimtoka, na mara mbili walianguka pamoja wakainuliwa. Walipofika Mtakatifu Vito, askofu akaketi juu ya kizingiti cha ghala, mgongo ukiegemea mlango, akaweka fimbo juu ya magoti. Umati ulijaa uwanja. Menica alikuwa mbele, mkono mdomoni.

Kwa muda mfupi Eufemia aliamini. Angewezaje kutoamini? Nani angethubutu kumgusa askofu?

Scipione, mnyapara wa Baroni, alifika akiwa amepanda farasi, walinzi nyuma yake. Alishuka. Alivua kofia, akapiga goti kwenye matope yaleyale, akaibusu pete kwa adabu zote.

"Mhashamu atapata baridi," alisema. "Jamani, mnamwacha mgonjwa akae chini hivi? Hamna huruma? Leteni kiti!"

Kiti kilikuwa tayari. Kililetwa na watumishi wa kanisa kuu, na Padri Prospero alikuwa nyuma yao, uso wake umepauka. Walimfunika blanketi. Walimwinua taratibu, kwa heshima, wakimwita Baba, wakimpangusa matope mikononi. Alipigana nao. Alipiga kwa mkono wake mmoja, akaiangusha kofia ya mtumishi mmoja. "Kesho!" alipiga kelele. "Kesho! Kesho!" Umati ulisimama ukitazama. Kama angepigwa, pengine wangerusha mawe. Lakini hakupigwa, alibebwa kama mtakatifu siku ya maandamano, na baadhi ya wanawake, kwa mazoea, walijifanyia ishara ya msalaba alipopita.

Kabla jua halijazama Vituccio na wenzake wawili walivunja mlango wa ghala kwa shoka. Walikamatwa wakiwa wamejaza gunia moja. Walichapwa uwanjani, mbele ya kanisa, na Vituccio, aliyekuwa na kifua kibovu tangu zamani, hakuinuka vizuri tena. Alizikwa wiki ya Noeli. Wengi walikopa mbegu kwa masharti ya Baroni. Wengine walipakia watoto juu ya punda wakateremka tambarare kutafuta kazi ya kuchunga kondoo wa watu.

Mlango wa jumba ukawekewa mlinzi, kwa ajili ya afya ya Mhashamu. Eufemia alimlisha uji wa maharage kwa kijiko, akamgeuza asipate vidonda, akamkata kucha. Hakumwambia kuhusu Vituccio, lakini kengele ya mazishi ilimwambia, na siku hiyo alikataa kula.

"Kula," Eufemia alisema.

"Kesho."

"Kula, nimesema!" Bakuli likamponyoka, uji ukamwagika kitandani, na ghafla alijisikia akipiga kelele. "Nimechoka! Umesikia? Shamba langu lilikwenda kwa ajili yako. Ningekuwa na watoto sasa, ningekuwa na mtu wa kunilisha mimi! Vyote vilikwenda kukununulia maneno, na maneno yenyewe yako wapi? Yako wapi, Genzio?"

Alimtazama. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akashika pindo la aproni yake, akalivuta taratibu kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kubebwa. Hakusema hata lile neno. Eufemia akaketi kwenye uji uliomwagika, akamwegemeza begani, wakakaa hivyo.

Baada ya Pasaka, Roma ikaleta askofu msaidizi, atakayerithi kiti. Jina lake Ottaviano, kijana mwenye mikono safi, mtoto wa familia nzuri ya Napoli. Alikuwa mpole. Alimbusu mgonjwa kwenye paji la uso, na alimsikiliza Eufemia habari ya ghala kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kumkatiza. Ndiye mtu wa kwanza kufanya hivyo.

"Nitalishughulikia, mama," alisema, na alimaanisha.

Alikwenda kuzungumza na Baroni, akakaribishwa chakula. Alirudi akiwa na mawazo. Alimweleza Eufemia kwamba Baroni ana hati, kwamba mapadri wa kanisa kuu waliweka sahihi, kwamba jambo hilo sasa ni la mahakama ya Napoli na kwamba mahakama ya Napoli ina kesi za enzi za babu yake ambazo bado hazijasikilizwa.

"Kwa hiyo?" Eufemia aliuliza.

"Kwa hiyo tusali, mama."

Kanisa kuu lilikuwa limeanza kuezekwa. Paa lilikuwa zuri kweli.

Fulgenzio alifariki wakati wa mavuno, mchana wa joto, nzi wakizunguka dirishani. Hakukuwa na neno la mwisho. Alipumua, akapumua, na Eufemia aliyekuwa akimpepea aliendelea kumpepea kwa muda kabla ya kugundua. Walimlaza kanisani amevaa kofia yake ya kiaskofu na glavu, na watu wakapanga foleni kumbusu mguu. Padri Prospero ndiye aliyehubiri. Alilia sana akihubiri, na Eufemia aliona kwamba machozi yale hayakuwa ya kuigiza, na hilo halikumsaidia chochote.

Siku ya pili wakaja watu wa kukusanya mali za maaskofu waliokufa, maana mali hizo ni za Roma. Walizunguka vyumba vyote, wakapiga mihuri ya lakiri kwenye makabati, wakachukua vitabu, vinara, mashuka, hata kuku. Eufemia alisimama jikoni mbele ya sufuria ya shaba.

"Hii ni ya mama yangu. Nilikuja nayo kutoka Grottavena."

"Una shahidi?"

"Fulgenzio alikuwa anajua."

Yule mtu alimtazama kwa huruma kidogo. Alikuwa na kazi nyingi siku hiyo. "Pole, mama," alisema, akaichukua.

Alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na nguo alizovaa na shali. Askofu mpya alikuwa ameahidi kumtafutia nafasi kwa masista, lakini masista hawakuwa na kitanda mpaka mmoja wao afe. Akateremka mtaani bila kujua anakwenda wapi, mpaka akajikuta kwenye bwawa la kufulia. Menica alikuwa peke yake, mikono imemwiva kwa maji, mbele yake rundo la mashuka ya askofu mpya. Tangu Vituccio azikwe walikuwa hawajaongea. Eufemia alisimama mbali kidogo, akingoja kutukanwa.

Menica alimtazama kuanzia viatu hadi shali.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Unalala wapi?"

"Sijui."

Menica alitema mate pembeni. Akalikung'uta shuka kubwa lililolowa, akalipinda, akamtupia ncha moja.

"Shika hapo. Kamua kuelekea kwako. Mimi nakamua kuelekea kwangu. Usilegeze, litaanguka kwenye matope nianze upya."

Eufemia alikunja mikono ya gauni akashika. Aliishi kwa Menica miaka iliyombakia, akifua, akila mboga chungu za porini walizochuma wote wawili kando ya barabara. Waligombana karibu kila siku. Baroni alilitumia ghala la Mtakatifu Vito kufugia mbwa wake, na Eufemia, akibeba nguo kwenda bwawani, alizunguka kwa njia ndefu ya makaburini, ili asiwasikie wakibweka.